Mpishi Asiyeonja

4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Niliisikia ikianza kwenye bati, nikageuka kumwambia mume wangu atoe nguo kwenye kamba, nikakuta mto wake mtupu. Ni miezi miwili sasa na bado nageuka.

Binti yangu ndiye aliyesema niandike. "Mama, wewe huongei na mtu. Basi andika." Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, na kalamu haichoki haraka kama mdomo.

Naanza na jambo dogo. Ulimi wangu unawaka. Nilidhani ni chai ya moto, ila chai huunguza siku moja ikapita, na huu unawaka tangu wiki ya maziko. Asubuhi unanyamaza. Mchana unakuwa kama wa mtu aliyelamba pilipili. Jioni kila ninachokula kina ladha ya msumari.

6 Machi

Mvua. Kuni zimelowa. Tumekula moshi siku nzima.

9 Machi

Mama Pacha ameniona nikinywa maji ya baridi kila dakika akauliza nina nini. Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Dada, huo ulimi umechoka kukaa bure! Mtu ulizoea kugombana na mumeo asubuhi na jioni, sasa unagombana na nani?"

Ni yeye peke yake anayeweza kunitania hivyo nami nikacheka. Tumepika pamoja miaka mingi. Alipojifungua wale pacha wake nilimshikia zamu, na mume wangu alipolazwa alinishikia yeye.

Niseme jinsi tunavyofanya kazi, maana binti yangu akija kusoma hajui. Jikoni kwetu, hapa hospitalini, kila mboga inapikwa sufuria mbili. Moja ina chumvi, ni ya wodi zote. Nyingine haina hata chembe, ni ya wodi ya mwisho, walikolazwa wagonjwa wa moyo na figo. Maharage ya sufuria hii na ile ukiyatazama ni yale yale. Mfuniko wa ile isiyo na chumvi tumeufunga kitambaa chekundu kwenye mkono wake, lakini kitambaa si kitu cha kutegemea. Kinachotegemewa ni ulimi wangu. Mimi naonja zote mbili mwisho kabisa, nafunika, nagonga kila mfuniko kwa mwiko mara mbili. Mama Pacha akisikia mlio huo ndipo anapakia kwenye toroli. Asiposikia hapakii, hata msimamizi wa jiko aje kupiga kelele.

Mume wangu alilazwa kwenye wodi hiyo ya mwisho. Nilikuwa napenda kujua kwamba mlio wa pili ni wake.

13 Machi

Nimesukutua kwa maji ya chumvi kama alivyonishauri mama wa kufulia. Nimelia machozi. Sirudii.

15 Machi

Mama Pacha ameniletea asali kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. "Ukipona unirudishie chupa, ukifa nitaichukua mwenyewe." Asali nayo ina ladha ya msumari.

17 Machi

Leo nimeonja maharage nikashindwa kujua kama yamekolea. Nimeonja tena. Msumari mtupu. Nikahesabu vijiko nilivyotia, nikajiambia yatakuwa sawa, nikagonga. Hakuna aliyelalamika.

20 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa meno, upande wa wagonjwa wa nje. Ni kijana, anavaa miwani, anaongea na mtu kama ana siku nzima. Nilivua aproni kabla ya kuingia ili asijue natoka jikoni.

"Toa ulimi, mama. Uinue juu. Peleka kushoto. Kulia." Akaushika kwa kitambaa cha pamba akaumulika kama fundi anayetafuta tobo kwenye mpira wa baiskeli. Nikaona aibu, nikafumba macho.

"Nilikuwa nategemea glositisi," akasema, "lakini sioni."

Nikamuuliza hiyo ni nini. Akanipa kioo kidogo nijitazame huku akieleza. Alisema majina mengi ya magonjwa yanatoka kwa Wagiriki wa zamani. Ulimi wao waliuita glosa. Ukikuta mwishoni mwa jina pana "itisi", ujue kitu kimevimba, kimekuwa chekundu. Kwa hiyo glositisi ni ulimi uliovimba, na mara nyingi ni upungufu wa damu au wa vitamini. Ulimi unakuwa laini, unang'aa, kama umepigwa pasi.

"Wako haung'ai. Una vinundu vyake vyote. Ni ulimi mzuri tu." Hata hivyo alinitoa damu ipimwe. Akauliza, "Unaonja vizuri?"

Nikasema, "Naonja."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Msimamizi wa jiko mwezi wa kwanza alituambia wapishi wamezidi na mmoja atapelekwa kwenye ufuaji. Nyumbani nina kitanda kitupu. Jikoni nina mwiko. Sikutaka kuuacha.

24 Machi

Mvua usiku na mchana. Njia ya kwenda wodi ya mwisho imekuwa tope, toroli inasukumwa na watu wawili.

Nimekumbuka mume wangu alivyokuwa akila chakula kile cha wodi. Alikuwa anafumba jicho moja, anasema, "Mpishi wa leo simjui, mwambie mke wangu arudi." Aliniomba chumvi, ya kushika kwa vidole viwili tu. Nikamkatalia. Nikamwambia yeye si mtoto. Kukataa kulikuwa sahihi. Neno la mtoto ndilo lilikuwa la nini?

28 Machi

Sasa naonja kwa kujifanya. Nachota, nagusisha mdomo, naitikia kwa kichwa, nagonga. Chumvi napima kwa kikombe. Sijakosea hata siku moja.

2 Aprili

Nimekosea.

3 Aprili

Jana sikuweza kuandika zaidi ya lile neno. Naandika leo.

Jana asubuhi mvua ilikuwa kubwa kiasi cha kutosikizana. Kuni zilikuwa zinatoa povu badala ya moto, na moshi ulijaa mpaka tulikuwa tunatembea kwa kupapasa. Mama Pacha alitoka kwenda kutafuta kuni kavu stoo. Maharage yakaanza kushika chini. Nikafunua sufuria zote mbili haraka, nikaweka mifuniko sakafuni, nikaongeza maji huku na huku, nikakoroga. Moto wa jiko la ndani ulikuwa dhaifu, nikahamisha sufuria moja, kisha nikaihamisha nyingine mahali pa ile ya kwanza. Nilikuwa nakohoa, machozi yananitoka. Nilipotaka kufunika nikasimama na mfuniko wa kitambaa chekundu mkononi, nikawa sijui ni wa sufuria ipi.

Kwa mpishi hilo ni jambo la nusu dakika. Unaonja. Nikaonja ya kushoto: msumari. Nikaonja ya kulia: msumari. Nikanywa maji, nikarudia. Ulimi unawaka tu. Nikatazama maharage kama yanaweza kuniambia.

Mama Pacha aliingia amelowa mpaka kope. "Dada, wodi wanapiga simu! Umeonja?"

"Nimeonja."

Nikaweka mfuniko mwekundu kwenye sufuria ya kushoto. Nikagonga mara mbili. Nikaweka wa pili. Nikagonga mara mbili.

Ningeweza kumwambia, "Njoo uonje wewe." Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Ningesema hivyo angeuliza kwa nini, na mimi ningelazimika kujibu.

Sahani zilianza kurudi saa nane. Za wodi ya mwisho huwa zinarudi nusu, wengine hawagusi. Jana zilirudi zimefutwa kwa vidole. Mama Pacha alizibeba juu juu akicheka, "Dada, umewatilia nini wale leo? Yule mzee wa kitanda cha dirishani amekula sahani mbili, ameomba na ya jirani! Ananiambia, mwambie mpishi Mungu ambariki mikono."

Nilikaa kwenye gogo la kuni. Akadhani ni moshi.

Sikukimbia wodini. Hilo nalo niliandike. Nilijua saa nane, na nilipaswa kukimbia saa nane. Nilikaa nikijiambia labda leo walikuwa na njaa tu.

Jioni yule mzee alibanwa na pumzi. Miguu ikajaa maji, wakamwekea oksijeni. Wengine wawili wamevimba nyuso lakini si sana. Nesi mmoja alichovya kidole kwenye mabaki ya sufuria akalamba, akaenda kwa matroni.

4 Aprili

Tumeitwa ofisini kwa matroni. Mimi, Mama Pacha, na msimamizi wa jiko aliyekuwa anajifuta jasho kana kwamba ndiye aliyepika.

Matroni hapigi kelele. Aliuliza polepole, kama anayesoma. "Nani anaonja?"

"Mimi."

"Uliionja sufuria ya wodi ya mwisho?"

"Niliionja."

"Ilikuwa na chumvi?"

Hapo ndipo. Nimeandika mistari miwili nikaikata. Niandike nilivyosema: "Haikuwa na chumvi. Ilikuwa sawa."

Matroni akamgeukia Mama Pacha. Maana kama mimi nimeonja na ilikuwa sawa, basi imebadilika baada yangu, na baada yangu ni yeye. Ni hesabu ya mtoto. Mimi niliijua kabla sijafungua mdomo.

Mama Pacha alishangaa. "Mimi sijafunua kitu, matroni. Nimepakia kama nilivyokuta." Kisha akanitazama, si kwa kunishuku, alinitazama kama mtu anayetafuta msaada. "Dada, nilifunua? Njiani mvua ilikuwa inaingia, niliweka mifuniko sawa... Labda niliichanganya?"

Nikatazama chini. Sakafu ya ofisi ile ina ufa unaoanzia mlangoni mpaka mguu wa meza.

Amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

5 Aprili

Mvua.

7 Aprili

Mzee bado yuko kwenye oksijeni. Nauliza kila anayetoka huko, wanadhani ni ndugu yangu.

Mama Pacha hayupo, ameletwa mwingine wa kumshikia, msichana mpole asiyejua kitu. Nimemwambia aonje yeye sufuria zote, nikamdanganya kuwa naumwa jino. Nimeweza kumwambia msichana nisiyemjua. Yule niliyekula naye miaka yote sikuweza.

10 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa Mama Pacha na mkate. Alikuwa anafua, pacha wake wanafanya kazi za shule mezani. Alinikaribisha kama siku zote, akanifutia kiti.

Nilikwenda ili nimwambie. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani.

Akaanza yeye. "Dada, nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Nakumbuka pale penye dimbwi tulisimama, mfuniko mmoja ukateleza nikaurudisha. Ule wa kitambaa au mwingine? Siukumbuki. Halafu najikuta nasahau vitu vingi. Juzi nimetafuta kijiko nimekishika mkononi. Mama yangu naye alianza hivi hivi, unamkumbuka mwisho wake, alikuwa hatujui hata majina."

"Wewe huna ugonjwa huo," nikasema.

"Utajuaje? Mtu hajijui. Kama nimeweza kumuua mzee wa watu na sikumbuki, nifanye kazi gani tena? Nilee vipi hawa?"

"Hajafa."

"Kazi ya Mungu." Kisha akaniuliza, "Ulimi unaendeleaje?"

Aliniuliza ulimi wangu unaendeleaje! Nikasema hauna nafuu, nikaaga, nikatoka. Nimefika nyumbani nimelowa, sikukumbuka kuwa nina mwavuli.

Nilidhani nimemnyang'anya kazi. Nimemnyang'anya na akili yake, anakaa nayo anaikagua kama nguo yenye matundu.

11 Aprili

Sijala.

14 Aprili

Mzee ametolewa oksijeni. Nilipita wodini na chai. Ana masharubu meupe na miguu myembamba, imeanza kupungua maji.

"Wewe ndiye mpishi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Yale maharage! Nilidhani nimepona, nimesharudi nyumbani." Akacheka, akakohoa, nesi akamkaripia. "Wanasema yalitaka kuniua. Basi ningekufa nimeshiba."

Nikamshika mkono. Nilitaka kumwomba radhi, nikamwuliza kama anataka sukari.

17 Aprili

Majibu ya damu yametoka. Nilikwenda kwa daktari wa meno. Leo sikuvua aproni.

"Damu yako safi, mama. Sukari safi, chuma kipo, vitamini zipo. Ulimi hauna kidonda wala uvimbe. Basi tunakwenda kwenye jina la pili. Glosodinia."

Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi, akaandika. Akanifundisha tena. Glosa nimeshaijua. Hiyo "odini", akasema, kwa wale Wagiriki ni maumivu. Si uvimbe, si kidonda, ni maumivu yenyewe.

Nikaliangalia lile neno. "Kwa hiyo maana yake ni maumivu ya ulimi."

"Ndiyo hasa."

"Daktari, mimi nilikuja hapa nikakwambia ulimi unaniuma. Umenitoa damu, umeningojesha mwezi mzima, sasa unaniambia kwa Kigiriki kwamba ulimi unaniuma."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ni kweli, na kwamba yapo majina mengi ya namna hiyo, daktari akikosa kuona kitu anampa mgonjwa maneno yake mwenyewe kwa lugha nyingine. "Lakini jina lina faida yake, mama. Maana yake ni kwamba nimekuamini. Sioni kitu, na bado naandika kwamba kinauma."

Akaeleza kwamba huwapata zaidi wanawake wa umri wangu, na mara nyingine hufuata msiba au hofu ya muda mrefu, ingawa hakuna anayejua vizuri. Huharibu ladha. Wengine huwachukua miezi, wengine miaka. Akauliza tena, "Unaonja?"

Nikasema, "Sionji. Tangu Machi sionji."

Alitazama aproni yangu. Habari za wodi ya mwisho hospitali nzima inazijua. Hakuuliza zaidi. Akaandika dawa ya kutulia usiku, akaniambia niepuke vya moto na vikali, na mlangoni akasema, "Mama, hilo uliloniambia, mimi siye ninayepaswa kuambiwa."

18 Aprili

Usingizi umekataa. Nimekuwa nikihesabu tarehe. Ulimi ulianza kuwaka wiki ya maziko. Uongo niliusema Aprili. Kwa hiyo si adhabu, kwa sababu adhabu haitangulii kosa. Nilitamani sana iwe adhabu. Ingekuwa adhabu ingekuwa na mwisho: ningesema, na ungezimika.

Sasa nikisema hautazimika. Nitasema bure, yaani kwa ajili ya yule mwingine tu.

19 Aprili

Msimamizi ameniita pembeni, amefurahi. "Mama, Jumatatu matroni anamaliza lile jambo. Wataandika kwamba yule mwenzako hakumbuki vizuri, ataachishwa kwa sababu za afya. Ni heshima hiyo, hata yeye amekubali. Wewe utahitajika useme tena ulivyosema. Dakika mbili."

Amekubali. Mama Pacha amekubali kuandikwa mgonjwa wa akili ili mimi nisiulizwe.

22 Aprili

Jumatatu. Mvua imepumzika, jua linatoa mvuke kwenye matope.

Mama Pacha alikuja na gauni lake la kanisani. Alikaa mikono juu ya mapaja kama mtoto anayengoja kuchanjwa. Matroni akafungua kalamu, akaniambia, "Sema tena, mama, kwa ufupi. Sufuria uliionja ikawa haina chumvi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi. Yalitoka haya: "Matroni, mimi sionji. Ulimi wangu umekufa ladha tangu Machi. Siku ile mifuniko niliichanganya mimi, yeye hakuwepo, alikuwa stoo. Nilionja sikusikia kitu. Nikagonga."

Msimamizi akasema, "Mama, una huzuni, umefiwa, unachanganya—"

"Sichanganyi. Kaulize daktari wa meno. Ninaumwa glosodinia." Lilitoka kubwa, kama lawama. Nikalishusha. "Ni maumivu ya ulimi. Hayaonekani."

Matroni akauliza, "Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua saa nane, sahani ziliporudi."

"Saa nane." Akaweka kalamu. "Mzee alibanwa saa kumi na mbili. Ningejua saa nane ningempa dawa ya kutoa maji. Asingefika kwenye oksijeni."

Sijawahi kupigwa hivyo. Mume wangu alikufa kwenye wodi ile, nilipaswa kuzijua saa zake kuliko mtu yeyote.

Sikuweza kumtazama Mama Pacha. Nilimsikia anapumua. Kisha akasema, si kwa matroni, kwangu: "Kwa hiyo mimi sisahau?"

"Husahau."

"Pale penye dimbwi?"

"Ulirudisha mfuniko sawasawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshaukosea."

Akasimama. Nilidhani ataniambia kitu, nilitaka aniambie hata tusi. Alitengeneza kola ya gauni lake, akamwuliza matroni kazi anaanza lini, akatoka.

23 Aprili

Nimetolewa kwenye sufuria. Ningefukuzwa, ila matroni alisema nimesema mwenyewe. Naosha vyombo na kumenya viazi. Mama Pacha ndiye mpishi. Matroni ameweka utaratibu mpya: wanaonja watu wawili, na mmoja asiyeweza anasema wazi kwamba hawezi, mbele ya wote.

Ulimi unawaka kama jana.

30 Aprili

Binti yangu amepiga simu, nikamweleza yote. Akasema, "Mama, mbona hukuniambia unaumwa?" Nikamwambia nilikuwa naandika.

8 Mei

Mzee ameruhusiwa. Nilimwomba radhi getini, mbele ya mwanawe. Mwanawe alikasirika, ana haki. Mzee alisema, "Mwache, mwache," akapanda gari. Sikujua anamwambia nani amwache nani.

13 Mei

Mama Pacha hanisemeshi. Salamu anaitikia. Utani hakuna. Anacheka na msichana yule, nikiingia kicheko kinapungua. Niko hapo kwenye karo la kuoshea vyombo, nasikia.

19 Mei

Mvua chache.

27 Mei

Leo msichana hakuja. Muda wa kuonja ulipofika, wa pili hakuwepo ila mimi. Mama Pacha alinijia na kijiko, akakinyoosha bila kunitazama.

"Onja."

"Siwezi kuonja."

"Sema kwa nguvu. Msimamizi yuko mlangoni."

Nikasema kwa nguvu. Wa kufulia waliokuwa wakipita nje wakageuka. Akamwita msimamizi aje aonje yeye, akaonja akikunja pua, akakubali. Mama Pacha akagonga. Mara mbili, na mara mbili.

Nilirudi kwenye karo uso umeniwaka kuliko ulimi. Nilistahili.

5 Juni

Mawingu yamekwisha, majani ya ua yameanza kukauka. Msichana ameolewa, haji tena. Kwa hiyo kila siku sasa ni mimi. Kila siku Mama Pacha ananyoosha kijiko, kila siku nasema, "Siwezi," anamwita msimamizi. Tumezoea, kama watu wanaopeana zamu.

Leo nilisema, "Siwezi," akabaki amesimama, kijiko kinadondosha mchuzi sakafuni.

"Bado unawaka?"

"Unawaka."

"Usiku pia?"

"Jioni zaidi. Usiku unapoa."

Alifikiri. "Zile siku ningeweza kukuonjea, dada. Mimi nina ulimi mzima, umejaa tele, kazi yake ni maneno tu." Sauti yake ilikuwa na hasira, lakini aliniita dada. "Ungesema neno moja. Mimi nililala macho nikimsubiri mama yangu anijie kichwani. Nilikuwa nawaita wanangu majina yao kila asubuhi nione kama bado nayajua. Unalijua hilo?"

"Sikulijua."

"Lijue."

"Nimelijua."

Akamwita msimamizi, wakaonja wote wawili, msimamizi akaitikia. Akagonga. Akaanza kusukuma toroli, gurudumu likakwama kwenye kizingiti kama kawaida yake. Alisukuma mara moja, mara ya pili. Hakugeuka.

"Umesimama unatazama nini? Shika upande huo."

Nikafuta mikono kwenye aproni, nikashika. Tulisukuma mpaka wodi ya mwisho. Nilikuwa sijaingia tangu mzee atoke. Mama Pacha alipakua, mimi nikagawa. Mama mmoja wa kitanda cha kwanza aliweka kijiko mdomoni, akakitoa, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Hivi nyinyi chumvi hamnunui?"

Mama Pacha akanitazama mimi, akaniachia nijibu.

"Chumvi ipo, mama," nikasema. "Yako hatukutia. Ameonja huyu."